Kuharisha Baada ya Antibiotiki: Somo kwa Familia Zinazouguza Mgonjwa Aliyetoka Hospitalini

Kipeperushi hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili katika Madinat Sultan Qaboos na maeneo jirani ya Muscat. Kinawahusu wale ambao wazee wao walirejea kutoka Unguja, Pemba na Mombasa miaka mingi iliyopita, na pia wale waliofika karibuni kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa ajili ya kazi. Kinaeleza ugonjwa mmoja wa utumbo ambao mara nyingi hupatikana hospitalini, au hujitokeza baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Someni pamoja, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Mambo matatu ya kushika kabla ya yote

1. Mtu aliyetumia antibiotiki katika miezi mitatu iliyopita, kisha akaharisha choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, amwone daktari siku hiyo hiyo, na aitaje antibiotiki aliyotumia.
2. Asinywe dawa ya kufunga choo kabla daktari hajamruhusu.
3. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vya spiriti havitoshi kwa ugonjwa huu.

1. Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu fulani, bali ni mambo yanayoweza kutokea katika nyumba yoyote.

Bibi mwenye umri wa miaka 72 amelazwa kwa nimonia. Amechomwa antibiotiki ya mshipani kwa siku saba, kifua kimefunguka, naye amerudishwa nyumbani kwa furaha. Jamaa wamekuja kumjulia hali, na sinia la pilau limeandaliwa. Siku ya sita tangu arejee, bibi anaanza kuharisha. Siku ya kwanza anakwenda chooni mara nne, naye hamwambii mtu, kwa kuwa anaona haya. Siku ya pili binti yake anagundua shuka limechafuka. Anadhani ni samaki wa jana. Mjukuu anatoa kabatini vidonge vya kufunga choo vilivyobaki tangu safari ya mwaka uliopita. Mwingine anachemsha majani ya mpera. Dada wa kazi anafua mashuka kwa mikono mitupu, kisha anajipaka kitakasa mikono na kuingia jikoni.

Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Kila mmoja alifanya alichokiona kuwa ni huruma. Hata hivyo yametokea makosa manne: bibi alificha, binti hakuikumbuka antibiotiki, mjukuu alifunga choo kwa dawa, na mfanyakazi hakupewa glavu wala sabuni. Somo hili linakusudia kuyaondoa makosa hayo manne. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

2. Ni bakteria gani huyu?

Katika karatasi ya maabara jina lake huandikwa *Clostridioides difficile*, au kwa ufupi *C. difficile*. Sisi tutamwita difisile. Neno hilo la Kilatini lina maana ya kitu kigumu. Aliitwa hivyo na wanasayansi waliomgundua mwaka 1935 katika choo cha watoto wachanga, kwa sababu ilikuwa shida kubwa kumkuza maabara. Kwa miaka zaidi ya 40 alidhaniwa hana madhara. Ilipofika mwaka 1978 ndipo ilipothibitika kwamba yeye ndiye anayesababisha uvimbe mkali wa utumbo kwa watu waliotumia antibiotiki.

Difisile ana sifa mbili zinazomfanya awe msumbufu.

Ya kwanza ni kwamba hutoa sumu. Sumu hizo huuchubua ukuta wa ndani wa utumbo mpana, nao huvimba na kuvuja maji. Kuharisha hutokana na hali hiyo.

Ya pili ni kwamba anapotoka nje ya mwili hujifunga ndani ya ganda gumu, kama mbegu inayosubiri mvua. Mbegu hizo ndogo mno huitwa spora. Spora haziuawi na spiriti, hazijali ukavu, na zinaweza kukaa miezi kadhaa juu ya kitasa cha mlango, ukingo wa kitanda, kiti cha choo au bomba la shatafu. Mtu akizigusa kisha akala bila kunawa, humezwa, hupita tumboni salama, na huamka zinapofika kwenye utumbo.

Msidhani kwamba ugonjwa huu ni wa nchi moja au watu wa aina moja. Umechunguzwa Ulaya, Marekani na Ghuba. Kwa upande wa Afrika Mashariki, watafiti waliochunguza watu wazima na watoto jijini Mwanza, Tanzania, walichapisha mwaka 2015 kwamba bakteria huyu yupo huko pia. Palipo na hospitali na antibiotiki, difisile anaweza kuwepo.

3. Kwa nini dawa iliyoponya ndiyo iliyofungua mlango?

Swali hili huwatatiza wengi, na jibu lake ndilo kiini cha somo.

Ndani ya utumbo wa kila mtu mzima mwenye afya huishi bakteria wema wasiohesabika. Husaidia kusaga chakula, na kwa wingi wao hujaza nafasi yote, hata wageni waovu wakikosa pa kukaa. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza spora za difisile asidhurike kabisa.

Antibiotiki haichagui. Inapowaua bakteria wa nimonia kifuani, au wa maambukizi ya njia ya mkojo, huwaua pia wengi wa wale wema wa utumboni. Nafasi hubaki tupu. Difisile aliyemo, au aliyeingia kwa mikono ya watu, hupata uwanja. Bakteria wema huchukua wiki, wakati mwingine miezi, kurudi katika hali yao. Ndiyo sababu hatari haiishi siku ya kumaliza dozi, bali huendelea kwa takriban miezi mitatu.

Karibu antibiotiki yoyote inaweza kuleta hali hii. Zinazojulikana zaidi ni klindamaisini, siprofloksasini na dawa za jamii yake, seftriaksoni na jamii yake, na amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti. Hii haina maana kwamba dawa hizo ni mbaya. Nimonia huua, na antibiotiki inayotumiwa kwa haki yake huokoa uhai. Maana yake ni kwamba dawa yenye nguvu isitumiwe pasipo haja, na kwamba aliyeitumia aangaliwe baadaye.

4. Nani yuko katika hatari zaidi?

- Mwenye umri wa miaka 65 au zaidi.
- Aliyelazwa hospitalini karibuni, hasa kwa siku nyingi, au anayeishi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa.
- Aliyetumia antibiotiki zaidi ya aina moja, au kwa muda mrefu.
- Mwenye kinga dhaifu: anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa kiungo, mwenye maradhi makubwa ya figo.
- Anayetumia kila siku dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazoli. Muulize daktari kama bado anazihitaji, asiziache mwenyewe.
- Aliyewahi kuugua ugonjwa huu kabla.

Watoto wachanga walio chini ya mwaka mmoja mara nyingi humbeba bakteria huyu bila kuugua. Watu wazima nao wapo wanaombeba bila dalili. Kumbeba si kuugua. Asiyeharisha hahitaji kupimwa wala kutibiwa.

5. Dalili, na ishara za hatari

Dalili za kawaida ni kuharisha choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, tumbo kusokota, homa ndogo, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Choo aghalabu huwa na harufu kali isiyo ya kawaida, lakini harufu peke yake haithibitishi ugonjwa.

Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, au pigeni simu nambari 9999 kuita gari la wagonjwa, mkiona mojawapo ya haya:

- homa kali, nyuzi 38.5 au zaidi;
- maumivu makali ya tumbo yasiyotulia;
- damu katika choo;
- kizunguzungu, kuzimia, moyo kwenda mbio;
- mkojo kuwa mchache sana au kukosekana kwa saa nyingi;
- mgonjwa kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi, au kutotambua watu;
- tumbo kuvimba na kuwa gumu.

Ishara hii ya mwisho itazamwe kwa makini. Ikiwa kuharisha kumekoma ghafla huku tumbo limevimba na mgonjwa amezidi kudhoofika, hiyo si nafuu. Huenda utumbo umepooza, na hali hiyo ni ya dharura.

Kwa wakaazi wa Madinat Sultan Qaboos, hospitali kubwa zilizo karibu ni Khoula, upande wa Mina al Fahal, na Royal, iliyoko Ghubra. Kwa hali isiyo ya dharura, anzeni katika kituo cha afya au zahanati mnayoitumia siku zote.

6. Mkifika kwa daktari, semeni nini?

Daktari hawezi kuliwazia jambo asiloambiwa. Kuharisha kunaweza kutokana na chakula, virusi, sukari au dawa nyingine. Kinachomwelekeza kwenye difisile ni historia ya antibiotiki. Basi andaeni habari hizi kwa maandishi kabla ya kutoka nyumbani:

- Mgonjwa alilazwa lini, na kwa siku ngapi.
- Antibiotiki gani alitumia, na alimaliza lini. Chukueni pakiti au karatasi ya kuruhusiwa hospitalini.
- Ameharisha mara ngapi kwa saa 24, na tangu siku gani.
- Kama kuna damu, homa au maumivu.
- Dawa zake zote nyingine, pamoja na za mitishamba.
- Kama amewahi kuugua hivi kabla.

Ikiwa lugha ni kikwazo, jueni maneno mawili ya Kiarabu: kuharisha huitwa *is-hal*, na antibiotiki huitwa *mudhadd hayawi*. Maneno hayo mawili yakitamkwa pamoja, mhudumu ataelewa mnachotaka kusema. Ni haki ya mgonjwa kuomba mtu wa kumtafsiria. Msimtumie mtoto mdogo kutafsiri habari za choo za bibi yake. Bibi ataona haya, na habari itapotea.

Kipimo hufanywa kwa choo chenyewe, kikiwa kibichi na cha majimaji. Choo kigumu hakipimwi. Mgonjwa akishapona, hakuna haja ya kurudia kipimo, kwa kuwa kinaweza kuonyesha kuwa bakteria yupo ilhali mtu ni mzima. Kipimo cha kupona ni choo kurejea hali yake na nguvu kurudi.

7. Matibabu

Jambo la kwanza ambalo daktari huweza kulifanya ni kusimamisha au kubadilisha antibiotiki iliyoanzisha tatizo, endapo mgonjwa bado anaitumia. Huu ni uamuzi wa daktari. Mgonjwa asiache dawa mwenyewe, kwani huenda maradhi ya awali bado hayajaisha.

Ni ajabu, lakini ugonjwa ulioletwa na antibiotiki hutibiwa kwa antibiotiki nyingine, zile zinazomlenga difisile. Mbili ndizo zinazotegemewa zaidi: vankomaisini ya kunywa, kwa kawaida mara nne kwa siku kwa siku 10, na fidaksomisini, mara mbili kwa siku kwa siku 10. Metronidazoli hutumika pale ambapo hizo hazipatikani. Vankomaisini lazima inywewe: ikichomwa mshipani haifiki ya kutosha ndani ya utumbo. Msishangae, basi, mkipewa ya kunywa dawa mliyozoea kuiona ikitundikwa kwenye dripu.

Nafuu huanza kuonekana ndani ya siku chache. Hapo ndipo wengi huacha dawa. Dozi imalizwe yote, hata kama choo kimeshakuwa kizuri.

Kwa nini tusifunge choo? Dawa kama loperamaidi huutuliza utumbo usisukume. Sumu ambayo ingetoka hubaki ndani, ikiendelea kuuchubua ukuta wa utumbo. Vivyo hivyo kwa majani ya mpera na dawa nyingine za kienyeji zenye kazi hiyo. Habasoda na asali msizifanye badala ya matibabu. Mtindi na laban ni chakula kizuri kwa anayevistahimili, lakini si tiba ya ugonjwa huu.

8. Maji na chakula

Anayeharisha hupoteza maji na chumvi, na katika joto la Muscat, ambalo kiangazi hupita nyuzi 40, mzee anaweza kukaukiwa kwa muda wa saa chache. Mpeni maji kidogo kidogo, mara kwa mara, hata kama hana kiu.

Bora zaidi ni pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini zinazouzwa katika maduka ya dawa. Changanyeni kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, bila kuzidisha wala kupunguza. Pasipokuwa na pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ina madhara. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 umwagwe.

Mgonjwa wa kisukari, wa moyo au wa figo aulizwe kwa daktari ni kiasi gani anachofaa kunywa. Wenye kisukari wapime sukari mara nyingi zaidi.

Chakula kiwe chepesi: uji, wali laini, ndizi mbivu, viazi, supu ya kuku. Epukeni kwa muda mafuta mengi, pilipili na kahawa kali.

9. Usafi wa nyumba

*Mikono.* Sugueni kwa sabuni kwa muda usiopungua sekunde 20: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, chini ya kucha. Suuzeni kwa maji yanayotiririka na kaushieni kwa taulo safi. Sabuni haiui spora; inaziteleza zikaenda na maji. Kwa hiyo kusugua ndiyo dawa. Nawieni kila baada ya choo, kila baada ya kumhudumia mgonjwa, na kila kabla ya kupika, kula au kulisha. Mgonjwa mwenyewe aoshwe mikono hivyo hivyo.

*Choo.* Ikiwezekana mgonjwa awe na choo chake peke yake. Ikiwa kipo kimoja tu, kisafishwe kila baada ya yeye kukitumia. Fungeni kifuniko kabla ya kuvuta maji. Msisahau vitu vinavyoshikwa: mpini na mpira wa shatafu, bomba, kitufe cha kuvutia maji, swichi ya taa, kitasa cha mlango.

*Dawa ya kusafishia.* Sabuni za kawaida za kupangusia hazimalizi spora. Tumieni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo wengi wetu huiita Jik au Clorox, yenye nguvu ya takriban asilimia 5. Fuateni hatua hizi:

1. Vaeni glavu, fungueni dirisha.
2. Ondoeni uchafu wote kwa sabuni na maji kwanza. Klorini haifanyi kazi juu ya uchafu.
3. Changanyeni kikombe kimoja cha dawa na vikombe tisa vya maji baridi. Tengenezeni mpya kila siku.
4. Pakeni, acheni ikae dakika 10 ikiwa mbichi, kisha futeni kwa maji.
5. Vueni glavu, naweni kwa sabuni.

Tahadhari: Kamwe msichanganye klorini na asidi ya kusafishia choo, siki, amonia, Dettol wala dawa nyingine yoyote. Mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa ya sumu.

*Nguo na mashuka.* Zilizochafuka zisikung'utwe. Zikunjwe kwa ndani, zipelekwe moja kwa moja kwenye mashine, zifuliwe peke yake kwa sabuni na maji ya nyuzi 60 au zaidi kama kitambaa kinaruhusu, kisha zikaushwe kabisa. Nepi zifungwe katika mifuko miwili kabla ya kutupwa.

*Vyombo.* Kuosha kwa sabuni na maji moto kunatosha. Si lazima kutenga sahani.

*Jikoni.* Mgonjwa asiwapikie wengine mpaka zipite saa 48 bila kuharisha.

10. Mgonjwa asitengwe, na anayeuguza asisahauliwe

Ugonjwa huu hauambukizi kwa pumzi, kwa kukaa pamoja wala kwa mazungumzo. Mtu mwenye afya ambaye hatumii antibiotiki ana hatari ndogo ya kuugua. Mzee akisalimiwa na kubusiwa mkono, hapana ubaya, almuradi mikono yake na ya anayemsalimu imeoshwa. Msimfungie chumbani kana kwamba amefanya kosa. Wageni walio wagonjwa, wanaotumia antibiotiki au wenye kinga dhaifu, wao waahirishe ziara.

Katika nyumba nyingi za Muscat, kazi ya kumwosha mgonjwa na kufua nguo zake humwangukia dada wa kazi. Huyu naye ni mtu wa nyumba hii, na afya yake ni amana mikononi mwenu. Aelezwe ugonjwa ni upi, kwa lugha anayoielewa. Apewe glavu za kutosha, sabuni yake na muda wa kunawa. Ikiwezekana, anayemwosha mgonjwa asiwe ndiye anayepika siku hiyo. Akianza kuharisha, hasa ikiwa alitumia antibiotiki karibuni, apelekwe kwa daktari kama angepelekwa mtoto wa nyumba. Nawe dada unayesoma hapa: kusema kwamba unaharisha si aibu wala si kosa. Kunyamaza ndiko kutakakokudhuru.

11. Ibada wakati wa maradhi

Udhu ni tohara ya ibada, na sabuni ni kinga ya maradhi. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Mgonjwa anawe kwa sabuni kwanza, ndipo atawadhe. Baada ya kustanji, mkono wa kushoto na mpini wa shatafu vyote vioshwe.

Mgonjwa ana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani na kulipa baadaye. Mwenye kuharisha kwa namna hii asijilazimishe kufunga, maana mwili wake unahitaji maji, na dawa yake hunywewa mara nne. Asiyeweza kuuhifadhi udhu kwa sababu ya maradhi, sharia ina nafasi kwa ajili yake; muulizeni mwanachuoni mnayemwamini. Kwa sala za jamaa, ni bora asali nyumbani mpaka zipite saa 48 bila kuharisha.

12. Ugonjwa ukirudi

Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hurudiwa, mara nyingi ndani ya wiki nane baada ya kumaliza dawa. Si dalili kwamba familia ilikuwa chafu, wala kwamba daktari alikosea. Spora huweza kubaki utumboni, na bakteria wema huenda bado hawajarudi.

Kuharisha kukianza tena, rudini kwa daktari mapema. Kuna njia nyingine za kutumia dawa, ikiwamo kuipunguza pole pole kwa wiki kadhaa. Kwa wanaorudiwa mara nyingi, yako matibabu ya kuwarudishia bakteria wema kutoka katika choo cha mtu mwenye afya aliyechunguzwa. Utafiti uliofanywa nchini Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba yanafaa sana. Hufanywa na wataalamu tu, na kamwe hayajaribiwi nyumbani.

Tangu siku hiyo, kila daktari, mfamasia au daktari wa meno atakayetaka kumpa mgonjwa huyu antibiotiki aambiwe: "Nimewahi kuugua difisile." Sentensi hiyo fupi inaweza kumwepusha na mengi.

13. Kinga huanzia katika sanduku la safari

Nchini Oman antibiotiki hutolewa kwa karatasi ya daktari. Lakini wengi wetu tunasafiri kwenda Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, na tunarudi na vidonge tulivyonunua bila kupimwa, tukaviweka kabatini "kwa siku ya haja." Mafua yakija, mtu humeza viwili. Mafua na kikohozi cha kawaida husababishwa na virusi, na antibiotiki haviui virusi. Faida haipatikani, ila bakteria wema wa utumboni wameshauawa.

Muscat yenyewe ina jina katika jambo hili. Tarehe 24 na 25 Novemba 2022 mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi walikutana hapa kujadili usugu wa vijidudu dhidi ya dawa, wakatoa Azimio la Muscat, linalozihimiza nchi kulinda antibiotiki kwa vizazi vijavyo. Sehemu yetu katika azimio hilo ni ndogo na iko ndani ya uwezo wetu:

- Msimshinikize daktari atoe antibiotiki. Mwulizeni: "Je, naihitaji kweli?"
- Msigawane antibiotiki wala msihifadhi mabaki.
- Mkienda kumtazama mgonjwa hospitalini, naweni kwa sabuni mnapoingia na mnapotoka, wala msikae juu ya kitanda chake.
- Mna haki ya kumwomba kwa adabu mhudumu anawe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa wenu.

14. Jipimeni

*Bibi ameharisha mara nne leo. Alimaliza antibiotiki wiki tano zilizopita. Je, ni mbali mno kuhusishwa?* La. Hatari huendelea kwa takriban miezi mitatu. Amwone daktari leo.

*Kitakasa mikono kinatosha baada ya kubadilisha nepi yake?* Hakitoshi. Sabuni, maji, na kusugua kwa sekunde 20.

*Siku ya nne ya dawa choo kimekuwa kizuri. Aache?* Asiache. Amalize dozi.

*Amepona. Arudie kipimo ili tuwe na uhakika?* Hapana haja, maadamu haharishi.

*Kuharisha kumekoma, lakini tumbo limevimba na amechanganyikiwa. Tushukuru na kungoja?* Msingoje. Hiyo ni dharura, pigeni 9999.

Mkimaliza kusoma, kibandikeni kipeperushi hiki mahali kinapoonekana na wote, na mwandike chini yake tarehe ambayo mgonjwa wenu alimaliza antibiotiki. Hesabuni miezi mitatu kutoka tarehe hiyo. Katika muda huo, mwulizeni kila siku, kwa upole na faraghani, hali ya tumbo lake. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wenu afya.